Nani bondia bora wa nyakati zote? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapotoka orodha ya mabondia bora wa nyakati zote, maswali huwa yale yale: mbona fulani yuko juu, mbona fulani hayumo, na nani kakupa mamlaka ya kupanga. Hapa yamekusanywa yale yanayorudi sana, na majibu yake yana upande. Kipimo kikuu ni kimoja: bondia alimpiga nani, na huyo aliyepigwa alikuwa na hali gani siku hiyo. Mikanda, rekodi isiyo na doa, pesa na mbwembwe vinahesabiwa baada ya hapo, kama bado kuna haja.

Kwa kifupi, nani namba moja?

Sugar Ray Robinson. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Robinson alifanya nini hasa?

Aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1940 na kushinda mapambano yake 40 ya kwanza. Kipigo cha kwanza alikipata kwa Jake LaMotta mjini Detroit, Februari 1943, mbele ya mtu aliyemzidi uzito kwa kilo kadhaa. Wiki tatu baadaye wakarudiana mji ule ule na Robinson akashinda. Kwa jumla walipigana mara sita, na LaMotta aliambulia ule ushindi mmoja tu. Baada ya kipigo hicho, Robinson alipanda ulingoni mara 91 bila kupoteza, mpaka alipokutana na Randy Turpin jijini London, Julai 1951. Turpin naye alifurahia ubingwa kwa miezi miwili tu. Septemba walirudiana New York na mwamuzi akasimamisha pambano kumwokoa Turpin katika raundi ya 10.

Robinson alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa welta kuanzia Desemba 1946. Tarehe 14 Februari 1951, Chicago, alimvua LaMotta ubingwa wa uzito wa kati, na hadi anamaliza kazi alikuwa ameutwaa ubingwa huo mara tano. Ukitaka majina ya waliopigwa, mbali na hao wawili wamo Kid Gavilan, Rocky Graziano, Bobo Olson, Carmen Basilio na Gene Fullmer. Fullmer alikuwa hajawahi kuzimwa na mtu. Mei 1957 Robinson alimzima raundi ya tano kwa ngumi moja ya kushoto ya kuzungusha, aliyoirusha huku mwenyewe akirudi nyuma. Tafuta filamu yake uitazame taratibu, hasa miguu.

Kuna jambo watu hulisahau. Filamu tulizo nazo nyingi ni za Robinson wa uzito wa kati, aliyekuwa anakaribia miaka 30 au ameipita. Enzi yake ya welta, ambayo waliomwona waliitaja kuwa kilele chake, imeacha filamu chache mno. Tunayemsifu kwenye skrini ni yule aliyekwisha anza kupoteza kasi.

Mbona si Muhammad Ali?

Ali ndiye bondia aliyejulikana kuliko wote duniani, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika. Alikataa kwenda jeshini, akanyang'anywa leseni na ubingwa mwaka 1967, akarudi ulingoni 1970. Yote hayo ni historia nzito, lakini hayampi pointi hata moja mbele ya majaji.

Hata ukiyaweka kando, bado Ali anabaki na kazi ambayo hakuna mwingine wa uzito wa juu aliyeifikia. Alimvua Sonny Liston ubingwa Februari 1964 akiwa na miaka 22, wakati wachache sana walimpa nafasi. Alimwangusha George Foreman raundi ya nane mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, yule yule Foreman aliyekuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja ndani ya raundi mbili. Mwaka uliofuata, Manila, kona ya Frazier ilimzuia mtu wao asitoke kwa raundi ya 15. Liston, Frazier, Foreman: tafuta bingwa mwingine wa uzito wa juu mwenye majina matatu ya namna hiyo, utatafuta sana.

Kinachomshusha ni vitu viwili. Kwanza, Norton alimvunja taya na kumshinda mwaka 1973, na ushindi wa Ali katika pambano lao la tatu, 1976, wengi hawaukubali mpaka leo. Mwaka huo huo Jimmy Young naye alimtoa jasho kwa uamuzi uliozua kelele. Pili, Ali alitawala uzito mmoja tu. Wa nne kwenye orodha si mahali pa kuonea haya.

"Bila kujali uzito" maana yake nini?

Unawafikiria wote wana mwili wa ukubwa mmoja, kisha unauliza nani ana ufundi na matokeo zaidi. Bila hivyo hakuna mjadala, maana mtu wa kilo 100 angempiga yeyote wa kilo 57 na tungeenda nyumbani mapema.

Rekodi bila kupoteza si ushahidi tosha?

Hapana, na hili ndilo linaloharibu orodha nyingi kuliko jingine lolote.

Rocky Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa na ushindi 49 katika mapambano 49, 43 kwa KO, yaani kwa kumzima mpinzani. Ni rekodi ya kuheshimiwa. Lakini Joe Louis aliyempiga Oktoba 1951 alikuwa na miaka 37 na alikuwa amerudi kutoka kustaafu. Jersey Joe Walcott aliyemvua ubingwa 1952 alikuwa na miaka 38, na alikuwa anaongoza kwenye kadi za majaji wote mpaka raundi ya 13, ngumi moja ya kulia ilipomaliza kila kitu. Archie Moore naye alikuwa mzee wa kazi. Marciano hakukwepa mtu. Aliwakuta wakubwa wa zama zake jua lao likizama.

Floyd Mayweather ana 50 kwa 50. La 50 ni dhidi ya Conor McGregor, mtu ambaye hakuwa amewahi kupigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa, kwa hiyo lifute kichwani. Yanayobaki yanatosha sana. Januari 2001 alimwangusha Diego Corrales mara tano, na Corrales alikuwa hajapoteza. Juan Manuel Márquez, Shane Mosley, Miguel Cotto, Canelo Álvarez kijana na Manny Pacquiao wote wamo. Tatizo ni saa. Pambano la Pacquiao lilikuja Mei 2015, miaka mitano baada ya siku ambayo lingekuwa na maana kamili, na lile la kwanza na José Luis Castillo mwaka 2002 wengi waliona alipoteza. Mayweather anakaa vizuri ndani ya 20 bora. Ndani ya 10, hapana.

Mwangalie sasa Robinson na vipigo vyake 19. Alipostaafu mara ya kwanza, Desemba 1952, alikuwa amepoteza mara tatu tu: LaMotta, Turpin na Joey Maxim. Hilo la Maxim, Juni 1952, alikuwa anawania ubingwa wa kilo 79 na anaongoza kwa pointi, joto la New York likakaribia nyuzi 40. Mwamuzi mwenyewe alizidiwa baada ya raundi ya 10, akabadilishwa. Robinson alishindwa kutoka kwenye kona yake kwa raundi ya 14. Vipigo vingine 16 vyote vilikuja baada ya kurudi ulingoni 1955, na aliendelea kupigana mpaka 1965 akiwa na miaka 44, sababu kubwa ikiwa pesa. Anayetumia vipigo vya uzeeni kumshusha mtu, basi awe tayari kuwapa tuzo wote waliojua kustaafu mapema.

Unawezaje kumweka Harry Greb wa pili wakati hakuna filamu ya pambano lake hata moja?

Swali zuri, na ndilo gumu kuliko yote hapa. Ni kweli: zaidi ya vipande vifupi vya mazoezi, hakuna picha ya Greb akipigana. Kilichopo ni magazeti ya siku zile na majina ya aliopigana nao.

Majina hayo ndiyo yanayomaliza ubishi. Greb, wa Pittsburgh, alikuwa mtu wa uzito wa kati, urefu kama mita 1.73. Mei 1922 alimpiga Gene Tunney raundi 15 Madison Square Garden, akamvunja pua na kumtapakaza damu tangu mwanzo. Tunney ndiye aliyekuja kumshinda Jack Dempsey mara mbili na kustaafu akiwa bingwa wa uzito wa juu, na katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa hakupoteza pambano jingine. Ongeza Tommy Gibbons, Tommy Loughran, Jack Dillon, Battling Levinsky, na Mickey Walker aliyempiga Julai 1925. Wengi wao walimzidi kilo nyingi. Mwaka 1919 peke yake alipigana zaidi ya mara 40, na kwa jumla karibu mara 300. Miaka yake ya mwisho alipigana akiwa haoni kwa jicho moja.

Hapa lazima tueleze maamuzi ya magazeti. Katika majimbo mengi ya Marekani enzi hizo, sheria ilikataza mwamuzi kumtangaza mshindi kwa pointi. Pambano likifika mwisho bila KO, rasmi hakuna aliyeshinda. Waandishi waliokaa kando ya ulingo ndio walioandika kesho yake nani alikuwa bora, na wacheza kamari walilipana kwa kufuata magazeti hayo. Ndiyo maana rekodi ya Greb inaonekana ya ajabu ukiitazama haraka: mapambano mengi mno "bila uamuzi". Ukiyasoma magazeti, anashinda karibu kila mahali.

Je, waandishi hawakupendelea? Walipendelea, hasa wa mji wa nyumbani. Lakini upendeleo wa mji mmoja hauwezi kumbeba mtu miaka 13 katika miji yote hiyo. Greb alifariki Oktoba 1926 baada ya upasuaji, akiwa na miaka 32.

Bondia wa zama hizi angempiga wa zamani wakikutana?

Hakuna ajuaye, na waliojaribu kujua kwa mashine walichekesha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtayarishaji wa redio wa Miami, Murray Woroner, aliingiza takwimu za mabingwa wa uzito wa juu kwenye kompyuta na kuwapambanisha. Kompyuta ikasema Ali amepigwa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne ya 20, na Ali akafungua kesi. Suluhu ikawa kumpiga picha akipambana na Marciano, ambaye mashine ilimpa ubingwa. Mwaka 1969 wakaingia ulingoni, Marciano akiwa na miaka 45, amepunguza mwili na kuvaa nywele za bandia, wakaigiza miisho kadhaa. Marciano alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 31 mwaka huo, kabla filamu haijatoka. Januari 1970 watazamaji wa Marekani waliona Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13. Watazamaji wa Ulaya waliona Ali akishinda.

Kompyuta ilijua soko lake.

Lakini mabondia wa leo si wakubwa na wenye nguvu zaidi?

Kwenye uzito wa juu, ndiyo. Marciano alipomvua Walcott ubingwa alikuwa na kama kilo 84, na Louis alipomsambaratisha Max Schmeling mwaka 1938 alikuwa na kilo 90. Leo wote wawili wangeingia kwenye uzito wa kruza, ambao kikomo chake ni kilo 90.7. Tyson Fury ana urefu wa mita 2.06. Hoja ya mwili hapo ina uzito wa kweli, ingawa Oleksandr Usyk, aliyeanzia kruza, alimpiga Fury huyo huyo mara mbili mwaka 2024.

Chini ya uzito wa juu hoja hiyo inapwaya. Kilo 66.7 za welta mwaka 1946 ni kilo 66.7 za leo. Tofauti ni kwamba zamani walipima asubuhi ya pambano, siku hizi wanapima siku moja kabla, kwa hiyo bondia hujikausha, anapita kwenye mizani, kisha anarudisha kilo kadhaa usiku. Welta wa leo anaingia ulingoni na mwili wa mtu wa uzito wa kati wa enzi ya Robinson. Ukimleta Robinson leo na utaratibu huu, naye angeshuka uzito mmoja.

Kuhusu ufundi, sioni ushahidi kwamba umepanda. Aliyepigana mara 100 kabla ya kufikisha miaka 25 alikutana na mitindo ambayo bondia wa leo, anayepigana mara mbili kwa mwaka, hataikuta maisha yake yote.

Mikanda ihesabiwe vipi?

Kwa mashaka. Zamani palikuwa na uzito nane na kwa kawaida bingwa mmoja kila uzito. Leo kuna uzito 17 na mashirika makubwa manne, WBA, WBC, IBF na WBO, yaani nafasi 68 za kuitwa bingwa wa dunia, kabla hujagusa mikanda ya muda na ile ya majina ya ajabu.

Kwa hiyo Henry Armstrong anaposhika ubingwa tatu kwa pamoja mwaka 1938, hesabu inabadilika kabisa. Oktoba 1937 alimtoa Petey Sarron kwenye uzito wa unyoya, Mei 1938 akamchapa Barney Ross kwenye welta, Agosti akamshinda Lou Ambers kwenye uzito mwepesi. Mtu mmoja, mabingwa watatu kati ya wanane wa dunia nzima. Mwaka 1940 alitoka sare na Ceferino García akiwania wa nne, uzito wa kati. Armstrong ni wa tatu kwenye orodha hii na hakuna mkanda wa leo utakaomtoa.

Pacquiao ametwaa ubingwa katika uzito nane, kuanzia kilo 50.8 mpaka 69.8, na hakuna mwingine aliyefika huko. Wawili kati ya hao ulikuwa ubingwa wa jarida la The Ring, nje ya yale mashirika manne, lakini aliupata kwa kuwapiga Marco Antonio Barrera na Ricky Hatton, na mimi ningechukua ushindi juu ya Barrera wa 2003 kuliko mikanda mitatu mitupu.

Raundi 15 na 12, kuna tofauti?

Kubwa. WBC ilipunguza hadi 12 baada ya Duk Koo Kim wa Korea Kusini kufariki kufuatia pambano lake na Ray Mancini, Novemba 1982, na wengine wakafuata miaka iliyofuata. Uamuzi ulikuwa sahihi kiafya. Kwenye historia, hata hivyo, rudi kwa Marciano na Walcott: kwa raundi 12 Walcott anabaki bingwa na ile 49 bila kupoteza haipo. Septemba 1981 Thomas Hearns alikuwa mbele ya Sugar Ray Leonard kwenye kadi zote tatu. Leonard akamsimamisha raundi ya 14. Kwa sheria ya leo, ushindi wa Hearns.

Waliokataliwa nafasi ya ubingwa wanapangwa wapi?

Juu, wakistahili. Kumnyima mtu pambano la ubingwa kisha kumshusha kwa sababu hana ubingwa ni kumuonea mara mbili.

Sam Langford, bondia mweusi mzaliwa wa Nova Scotia, Kanada, alikuwa na urefu wa kama mita 1.70 na alipigana kuanzia uzito mwepesi hadi uzito wa juu. Mwaka 1903 alimpiga Joe Gans, bingwa wa uzito mwepesi, katika pambano lisilo la ubingwa. Mwaka 1906 alipoteza kwa Jack Johnson. Johnson, mweusi pia, aliyemfuata bingwa wa uzito wa juu Tommy Burns mpaka Sydney mwaka 1908 ndipo akapewa nafasi yake, alipokuwa bingwa hakumpa Langford marudiano. Weusi wengine bora wa uzito wa juu nao walifungiwa mlango, hivyo wakapigana wao kwa wao mara kumi, mara kumi na tano. Harry Wills alimsubiri Dempsey miaka na pambano halikufanyika. Langford alimaliza kazi akiwa karibu kipofu, bila kuvishwa ubingwa wa dunia.

Ezzard Charles ni mfano wangu ninaoupenda. Wengi humtaja kuwa bora wa nyakati zote kwenye uzito wa kilo 79, ubingwa ambao hakuwahi kuushika wala kupewa nafasi ya kuuwania. Alimpiga Archie Moore mara tatu kwa tatu. Alimpiga Charley Burley mara mbili mwaka 1942. Alipokosa mlango huo akapanda uzito wa juu na mwaka 1950 akamshinda Joe Louis raundi 15. Watu wanamkumbuka kama mzee aliyepigwa na Marciano. Hilo ni kosa la kutazama filamu ya mwisho tu.

Na Burley? Naye alimpiga Moore, 1944, na hakupewa pambano la ubingwa hata mara moja. Robinson hakupigana naye. Ndiyo, hilo ni doa kwa namba moja wetu, na anayetaka kulitumia dhidi yake ana haki.

Maamuzi ya utata yanahesabiwaje?

Kama filamu ipo, itazame bila sauti, hesabu mwenyewe. Pernell Whitaker na Julio César Chávez, San Antonio, Septemba 1993, iliandikwa sare. Chávez alikuwa na ushindi 87 bila kipigo. Whitaker alimchezea raundi baada ya raundi. Kwenye orodha hii limehesabiwa ushindi wa Whitaker, na ndilo linalomwingiza kumi bora. Pambano la Leonard na Marvin Hagler, Aprili 1987, alilopewa Leonard, ni karibu mno kubatilisha. Libaki lilivyo.

Mike Tyson je?

Bingwa wa uzito wa juu mdogo kuliko wote kwa umri, miaka 20 na miezi minne, Novemba 1986. Michael Spinks alidumu sekunde 91 mwaka 1988. Baada ya hapo Buster Douglas akamdondosha Tokyo, Februari 1990, na kila alipokutana na mkubwa wa zama zake, Evander Holyfield mara mbili na Lennox Lewis, alipoteza. Hakuwahi kuanguka akainuka kushinda. Kumi bora ya uzito wa juu anapigania nafasi za mwisho. Bila kujali uzito, hayumo hata 50.

Kwa nini wenye uzito mdogo hawatajwi?

Kwa sababu televisheni na pesa vilifuata wakubwa. Ricardo López wa Mexico alistaafu bila kupoteza, ushindi 51 na sare moja, na kiufundi huenda hakuna aliyekamilika kumzidi. Kinachomzuia ni kile kile kipimo chetu: kwenye kilo 47.6 majina makubwa ya kupiga yalikuwa machache.

Waafrika wamo?

Kumi bora, hapana. Ishirini bora, hapana. Hamsini bora, Azumah Nelson na Dick Tiger wanaingia bila kusukumwa. Azumah wa Ghana, akiwa na mapambano 13 tu, aliitwa ghafla kupigana na Salvador Sánchez Julai 1982 Madison Square Garden, akamsumbua mpaka raundi ya 15 aliposimamishwa. Sánchez alikufa kwa ajali ya gari wiki tatu baadaye. Desemba 1984 Azumah alimzima Wilfredo Gómez mjini San Juan, nyumbani kwa Gómez, na Machi 1992 akaenda Melbourne kummaliza Jeff Fenech mbele ya watu wake. Tiger wa Nigeria alimvua Fullmer ubingwa wa uzito wa kati mwaka 1962, kisha Desemba 1966, akiwa na miaka 37, akachukua wa kilo 79 kwa José Torres. Wote wawili walifanya kazi ugenini karibu maisha yao yote, na majaji wa ugenini tunawajua.

Mabingwa wa ngumi za ridhaa kama Teófilo Stevenson?

Wana orodha yao. Stevenson wa Kuba alitwaa dhahabu tatu za Olimpiki, 1972, 1976 na 1980, lakini hakupigana raundi 15 hata siku moja. Anayeumiza zaidi ni László Papp wa Hungaria: dhahabu tatu pia, akaenda kwenye ngumi za kulipwa 1957, hakupoteza, na serikali yake ikamzuia kuwania ubingwa wa dunia.

Na wanawake?

Wapangwe peke yao, kwa sababu historia yao rasmi bado fupi. Olimpiki iliwafungulia mlango London 2012, na mapambano yao ya ubingwa kwa kawaida ni raundi 10 za dakika mbili. Claressa Shields ana dhahabu mbili za Olimpiki na amekusanya mikanda yote katika uzito tatu. Kwa kipimo cha nani alimpiga nani, mimi bado namtanguliza Katie Taylor, kwa sababu ya Amanda Serrano. Walikutana mara tatu, kuanzia Madison Square Garden Aprili 2022, na Taylor alishinda zote, ingawa ile ya pili nisingebishana sana na anayempa Serrano.

Kumi bora ni hao nani, basi?

Robinson, Greb, Armstrong, Ali, Langford, Charles, Roberto Durán, Willie Pep, Joe Louis, Whitaker. Pacquiao wa 11, Benny Leonard wa 12, na kuwatenga hao wawili kulichukua muda.

Durán watu wanamshusha kwa usiku mmoja, Novemba 1980 New Orleans, alipompa Sugar Ray Leonard mgongo na kuacha pambano. Wasisahau miezi mitano nyuma, Montreal, alipopanda kutoka uzito mwepesi na kumshinda Leonard huyo huyo ambaye hakuwa amewahi kupoteza. Alikuwa na kipigo kimoja katika mapambano 72. Mwaka 1989, akiwa na miaka 37, alimwangusha Iran Barkley na kuwa bingwa wa uzito wa kati. Pep ana ushindi 229 na alirudi ulingoni miezi mitano baada ya kunusurika ajali ya ndege mwaka 1947, lakini Sandy Saddler alimshinda mara tatu katika nne. Louis alitetea ubingwa mara 25, wengine wao watu wa kawaida kabisa.

Jarida la The Ring mwaka 2002 liliwapanga watano wa juu hivi: Robinson, Armstrong, Ali, Louis, Durán. Hatuko mbali sana.

Usyk, Terence Crawford na Naoya Inoue wanaingia wapi?

Crawford amekusanya mikanda yote katika uzito tatu, wa mwisho akimshinda Canelo Las Vegas, Septemba 2025. Majina makubwa kwenye rekodi yake ni mawili, Errol Spence na Canelo, na wote aliwapata baadaye kidogo kuliko ilivyopaswa. Arobaini bora. Inoue amekusanya yote kwenye uzito mdogo wa bantam na super bantam, na bado anaandika.

Usyk ndiye anayepanda haraka. Angalia alikopigania: Marco Huck Berlin, Mairis Briedis Riga, Murat Gassiev Moscow, Tony Bellew Manchester, Anthony Joshua London. Karibu wote aliwafuata kwao, wakiwa mabingwa au wazima wa afya, akawapiga. Kisha Joshua tena, Fury mara mbili, Daniel Dubois mara mbili. Ishirini bora ameshaingia. Ili apite hapo ingebidi amtoe Marciano, na kwa kipimo cha ukurasa huu nadhani ameshamtoa.